Nyumba ya Pimbi na Pembe ya Kifaru

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nani?"

"Pakawa asiye na kwao, na mvua yaja!"

Basi asiye na kwao ndiye Pimbi, na mkewe, Binti Kwanga, alikuwa na mimba ya mapacha. Pimbi alitaka nyumba. Lakini nani amkopeshe? Kwa Kanga alikopa mtama, hakulipa. Kwa Nungunungu alikopa jembe, hakurudisha. Kwa Fuko alikopa chumvi, akasahau na njia ya kwa Fuko! Jina lake lilinuka nyika nzima.

Akabaki Kifaru, mwenye miti, nyasi na udongo wote wa kujengea. Pimbi huyo, tapu tapu tapu!

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Naomba mkopo wa nyumba. Nimebadilika, nitalipa."

"Marahaba. Toka!"

Pimbi akarudi amenywea. Njiani akapita nyumba saba tupu, zote za Kifaru. Ya kwanza ilikuwa ya Ngiri, akashindwa kulipa, akatolewa. Ya pili ya Swala, akashindwa kulipa, akatolewa. Ya tatu vilevile. Moyo wa Pimbi ukaruka. "Ala! Kumbe huyu hataki kulipwa. Anataka nyumba!"

Akageuka, tapu tapu tapu!

"Bwana Mkubwa, nilikudanganya. Mimi silipi! Tangu nizaliwe sijalipa deni hata moja!"

Masikio ya Kifaru yakasimama. "Hata moja?"

"Hata nusu!"

"Karibu ukae, mwanangu."

Wakapatana mbele ya Kobe, shahidi wao: Pimbi achukue vifaa, mwezi ukiandama hajalipa, Kifaru aingie mlangoni, na akishaingia, nyumba ni yake. Hilo "akishaingia" aliliomba Pimbi. Kifaru akacheka. Nani wa kumzuia?

Pimbi akajenga ndani ya mwamba. Vyumba vitatu, na mlango wa kumtosha pimbi mmoja mwenye mimba.

Mwezi ukaandama. Kulipokucha, Kifaru huyo, ndi! ndi! ndi!

"Pimbi! Deni!"

"Sina, Bwana. Karibu ndani."

Kifaru akautazama ule mlango, hasira zikampanda. Akarudi nyuma, akaja mzimamzima. Gwaa! Pembe ikazama mlangoni, ikanasa. Akavuta, wapi! Akasukuma, wapi! Mwamba ukalia kraa. Binti Kwanga, ncha ya pembe iko mbele ya tumbo lake, akanong'ona, "Mume wangu, sema naye upesi!"

Pimbi akajikaza. "Bwana, umeingia?"

"Nitoe!"

"Umeingia?"

"Sijaingia!"

"Basi nyumba ya nani?"

"Yako! Na deni nimekusamehe!"

"Na zile saba?"

"Za wenyewe! Nitoe!"

Kobe, aliyekuja kushuhudia, akasikia kila neno. Binti Kwanga akamwagia pembe chungu kizima cha mlenda. Teleee! Kifaru akachomoka, akaanguka chali, pwaa! Akainuka, akatokomea mbugani.

Ngano yangu imeisha. Utamu wake gawaneni, uongo wake niachieni mimi. Na funzo, wanangu, ni hili: dawa ya deni ni kulipa. Hata Pimbi huwafundisha hivyo mapacha wake, wamejilaza ndani, mvua ikinyesha nje.