Neno la Fisi Maji kwa Mama Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Haya, aliyelala tumwache, aliye macho asogee.

Hapo zamani za kale, bonde moja lilikuwa na mto, na mto ulikuwa na Kiboko. Kiboko ndiye mkubwa. Akatoa amri: "Marufuku mnyama kumpa mwenzake habari. Kila neno lije kwangu, mimi nitalipeleka." Wanyama wakasema ndiyo mzee. Basi ukitaka kumwambia jirani mkia wake unaungua, sharti upange foleni kwa Kiboko! Mimi ningehama.

Juu ya mto alikaa Fisi Maji. Msimchanganye na fisi mla mizoga; huyu ni mdogo, mla samaki, mwogeleaji hodari. Chini ya mto alikaa Mama Ngiri. Shimo lake lilikuwa ukingoni kabisa, na humo wanawe wachanga walikuwa wamelala.

Siku moja Fisi Maji akasikia huko mlimani, vuuu! Vuuu! Mafuriko! Akakimbia, akakimbia, mpaka kwa Kiboko. Foleni ndefu! Kima yuko mbele, analalamikia tunda lake.

"Shikamoo mzee! Mafuriko yanakuja! Watoto wa Ngiri watakufa!"

"Foleni," akasema Kiboko. "Kima hajamaliza."

Fisi Maji akapandwa na hasira. Akatoka kwenye foleni, akapanda jiwe, akapiga kelele: "Jamani! Mafuriko! Tokeni mashimoni!"

Wote waliokuwa karibu wakasikia. Nani alikwenda kwa Ngiri? Hakuna. Kila mmoja alidhani anaambiwa mwenzake.

Vuuu! Kufika mwenyewe asingewahi; Fisi Maji akamwona Kanga ng'ambo, juu ya kichuguu, karibu na kwa Ngiri. Akamwita kwa jina.

"Kanga! Kanga weee! Ni mimi, Fisi Maji. Mwambie Mama Ngiri atoe watoto, mafuriko yanakuja. Umesikia?"

"Nimesikia! Nimwambie Ngiri atoe watoto!"

Kanga akageukia kwa Ngiri. "Mama Ngiri! Ni mimi, Kanga. Neno limetoka kwa Fisi Maji. Toa watoto, mafuriko! Umesikia?"

Kimya. Ngiri alikuwa kazamisha pua udongoni, anachimba mizizi. Mwingine angesema, si nimeshamwambia? Kisha angerudi zake kudonoa. Kanga si wa hivyo.

"Mama Ngiri! Toa watoto! Umesikia?"

Kimya. Vuuu!

Kanga akaita, akaita tena, mpaka sauti ikamkauka.

Mwisho Ngiri akainua pua. "Nimesikia!" Akaruka. Akaingia shimoni, akawatoa wanawe, mikia juu, titi! titi! titi! mpaka kilimani. Nyuma yao maji, gubu! Yakameza shimo lote.

"Fisi Maji!" akaita Kanga. "Wametoka wote!"

Fisi Maji akaangua kilio cha furaha.

Kiboko akaja, kafura. "Nani kawaruhusu kusemezana?"

Mama Ngiri akasimama mbele yake, wanawe ubavuni. "Mzee, ningengoja ruhusa yako, saa hizi ningekuwa nazika. Kuanzia leo, mwenye neno na mimi ataniita mimi."

"Na mimi!" akasema Kanga.

"Na mimi!" likaitika bonde zima, hata Kima.

Kiboko akazama mtoni, yakabaki mapovu tu, bulu bulu bulu. Bonde likalipuka kwa vigelegele.

Basi watoto, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: ukiwa na neno la mtu, mwite kwa jina lake, wala usiridhike mpaka aitike. Na ukiitwa, itika!

Hadithi yangu imefika mwisho wake. Mwenye ubishi akamuulize Ngiri.