Walinzi Waliosimama Mtoni

"Moto haupigi hodi, mzimaji asingoje karibu." Ndiyo hiyo mliyoisikia redioni, wajukuu zangu, yule bwana alipowataja askari wa jumuiya ya nchi jirani wanaongoja ruhusa mpakani. Methali hii ilizaliwa hivi. Tulieni, sipendi kukatizwa.

Zamani, vijiji vya milimani vilichoka kupigana. Vikaunda baraza moja, kila kijiji kikatoa walinzi. Lilikuwa baraza zuri, msilicheke. Ukungu uliposhuka, mtu aliwasikia ng'ombe wa jirani asiwaone, wala asiogope. Mwiko wa walinzi ulikuwa mmoja tu: wasivuke mto kuingia kijiji cha watu mpaka wapige hodi na mkuu wa pale awajibu karibu.

Sasa Senkoro, mkuu wa Kwemashi, akagombana na ukoo wa nduguye. Alfajiri moja akaamuru nyumba zao zichomwe. Walinzi wakaja mbio hadi mtoni, wakasimama.

"Hodi!"

Kimya. Moshi ulijichanganya na ukungu, ukapanda polepole, ukapendeza macho. Naona haya kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wakapiga hodi tena. Senkoro aliwasikia vizuri, akanyamaza. Nani anamkaribisha wa kumzuia?

Hapo akafika Nakijwa, anatweta. Binti yake, Mbonea, alikuwa ameolewa katika ukoo ule.

"Wanangu, mnangoja nini? Binti yangu yumo mle!"

"Hatujakaribishwa, mama," akajibu Kighenda, mkubwa wa walinzi, machozi yakimlengalenga. "Tukiingia hivi hivi, kesho kila kijiji kitatuogopa."

"Na huo moto, nani aliukaribisha?"

Nakijwa akapandisha nguo, akaingia majini. Walinzi wakamtazama akipotelea ukunguni, kisha mmoja akamfuata, halafu wote.

Waliokoa wengi. Mbonea walimkuta kizingitini, amemfunika mwanawe kwa mwili wake. Mtoto alilia. Mama hakuamka.

Baraza lilipokaa, wazee kadhaa walitaka Nakijwa aadhibiwe kwa kuwafanya walinzi wavunje mwiko. Hebu fikirini! Akasimama na mjukuu mgongoni, akawatazama mmoja mmoja, akasema sentensi moja, akaketi. Adhabu haikutajwa tena. Tangu siku ile hodi ikabaki kwa nyakati za amani, na Senkoro akavuliwa ukuu. Lakini Mbonea hakurudi.

Basi mkiisikia tena redioni, mjue ni mama aliyechelewa kumwokoa binti yake ndiye aliyesema: moto haupigi hodi; mzimaji asingoje karibu.