Nguruwe Kumi na Wawili wa Bwana Nyama

Nguruwe pori walipofyeka shamba la tatu la mahindi, Oliva Ndunguru alikwenda wilayani kuomba kibali cha kuwawinda. Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, akaja kwanza kuwahesabu. Aliwahesabu saa sita mchana, wengi wakiwa wamelala vichakani, naye kajifungia garini anatafuna kuku.

"Kumi na wawili," akatangaza. "Wachache mno! Atakayeua hata mmoja wao, jela."

Wanakijiji waliguna. Oliva akapiga magoti.

"Tumesikia, baba. Tuandikie basi, tusije tukasahau. Kwamba pori letu lina kumi na wawili, na wa kumi na tatu hayupo."

Bwana Nyama akaandika kwa madaha, akagonga muhuri.

Mwezi haujaisha, akaambiwa kijiji kizima kinanuka nyama choma. Alifika mbio na pingu.

"Mmeua nguruwe wa serikali!"

"Mungu apishe mbali," alisema Oliva, akampeleka kwenye zizi la magogo. Ndani walikuwamo nguruwe pori wazima, wanono, wakigombania pumba. "Wako hao, baba. Hesabu."

Akahesabu mara mbili. Kumi na wawili.

"Na hao mliowala?"

"Arobaini na mmoja. Hatujui ni wa nani." Oliva akaikunjua ile karatasi yenye muhuri. "Twende wote tukamuulize mkuu wako."

Bwana Nyama aliitazama sahihi yake, akarudisha pingu mfukoni, kisha akageukia jikoni.

"Lile paja pale motoni," akauliza taratibu, "lina mwenyewe?"