Mashine ya Kugawa Maji

Zimeni hizo simu mnisikilize. Kabla kompyuta hazijaanza kujidai zina akili, huko milimani palikuwa na mtawala aliyechoshwa na watu kukatana mapanga kwa ajili ya zamu ya maji ya mfereji. Alikuwa amewafunga wanaume watatu wa bondeni walioubomoa mfereji huo. Akatangaza: "Nileteeni kitu kinachogawa maji bila upendeleo, nitamfungua mmoja, wawili waozee humu. Kikishindwa, nawanyonga wote."

Wakajitokeza ndugu zao. Nakiete, msuka mikeka, alifungiwa mume. Mzee Senkondo, mhunzi, alifungiwa mwana. Chausiku alifungiwa kaka; Chausiku mwenyewe kipaji chake kilikuwa kuona kosa, hata harusini alilipata.

Senkondo akafua magurudumu ya meno na mshale wa kuonyesha shamba lenye zamu. Yakazunguka, ila ovyo, kama mlevi anayetafuta mlango.

Nakiete akatwaa ukanda wa ngozi, akautoboa matundu kama anavyosuka ua la mkeka: ruka mbili, lala moja. Kipingo kidogo cha chuma kikiangukia tundu, gurudumu linasogea. Sasa chuma kikajua la kufanya.

Wakaipaka mashine mafuta ya nazi, maana watu wa bondeni hupaka kila kitu, kuanzia nywele hadi bawaba za milango. Wakaipandisha mlimani.

Asubuhi, mbele ya mtawala na wale wafungwa watatu waliofungwa kamba, Senkondo akashika mpini wa kuizungushia mashine. Haukwenda. Akasukuma hadi mishipa ikamtoka shingoni. Mnyongaji akaanza kupima kamba.

"Ni matundu yako hayo!" Senkondo akafoka.

"Ni chuma chako hicho, mzee!" Nakiete akajibu, macho kwa mumewe.

"Nyamazeni," akasema Chausiku, kidole kwenye meno ya gurudumu. "Mafuta yameganda. Hamwoni huku baridi? Leteni makaa!"

Makaa yakawekwa chini. Mafuta yakayeyuka, mpini ukazunguka, mshale ukagusa shamba baada ya shamba, hata la maskini halikurukwa.

"Bila magurudumu yangu mngetoboa ngozi mpaka mzeeke," akasema Senkondo.

"Na bila mimi," akadakia Chausiku, "sasa hivi tungekuwa tunachimba makaburi."

Mtawala akampa Nakiete kisu. "Wewe ndiye uliyeifundisha kugawa bila upendeleo. Haya, gawa. Kata kamba moja."

Mumewe akamtazama. Mwana wa mhunzi akamtazama. Kaka yake Chausiku akafumba macho.

Msinikodolee mimi. Je, wewe ungekata kamba ya nani?