Majina Tisa ya Mfalme Simba

Hapo kale sana, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kugawana vyeo kama sisi, Mfalme wa Mbuga ya Kiwambo alikuwa Simba Marara, mwana wa Simba Ngurumo. Nalitaja jina lake kwa ukamilifu, maana katika nchi ile kulikosea kulikuwa balaa.

Mfalme huyo alikuwa na jeshi la kumlinda, lililoitwa Ulinzi Mkuu wa Kiti. Mkuu wake alikuwa Kifaru, Jemadari Ngwamba. Msaidizi wake alikuwa Nyati, Shaushi Mbwebwe. Vifaru walilinda lango, ingawa hawaoni mbali. Nyati walimzunguka Mfalme, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kivuli.

Walimlinda na nani? Msiniulize. Tangu jeshi lile liundwe, hakuna adui hata mmoja aliyekanyaga Kiwambo. Basi wakawageukia raia. Huyu kapita karibu na lango, mkamateni! Yule hakusalimu vizuri, mkamateni! Wakala majani ya raia, wakanywa maji ya raia, wakanenepa mpaka mikanda ikakatika.

Kazi moja tu waliijua barabara: gwaride. Kila siku adhuhuri walijipanga mbele ya kiti, na majina tisa ya heshima ya Mfalme yakasomwa. Yakianza kusomwa, kila mmoja huinua pua juu na kufumba macho. Mfalme naye hufumba yake, apate kuuona utukufu wake kwa ndani. Msomaji akikosea, Jemadari humwamuru arudie. Na kanuni ilisema hivi: atakayetikisika au kutoa sauti kabla ya jina la tisa ni adui wa kiti, apigwe pembe.

Sasa, miguuni pa jabali la Kiwambo waliishi pimbi wawili, Bwana Vuai na mkewe, Bi Mize. Siku moja Bwana Vuai aliitwa kwenye gwaride pamoja na raia wengine. Jua kali, majina marefu. Walipofika jina la sita, akapiga mwayo. Aaaaah!

"Adui!" akapiga kelele Shaushi Mbwebwe. Akashusha pembe, du! Akapiga mchanga. Akashusha tena, du! Mchanga. Mara ya tatu akapiga mguu wa mwenzake.

"Mdogo mno huyu, Jemadari," akasema akihema. "Hapigiki."

"Basi aliwe," akasema Jemadari Ngwamba. "Mfungeni kwenye mti wa bendera. Kesho, gwaride likiisha, Mfalme atamla."

Mfalme Simba akamtazama mfungwa. "Huyu hajazi hata jino langu moja."

"Kweli, Mtukufu. Lakini kanuni ni kanuni."

Bi Mize alipopata habari hakulia mbele ya watu. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, alijitandia kanga yake nzuri, akaenda moja kwa moja langoni.

"Nani hapo?" akauliza Kifaru wa zamu, akitazama upande mwingine kabisa.

"Niko huku, baba. Mke wa mfungwa."

"Unataka nini?"

"Nimekuja kuomba heshima moja. Mume wangu ameiaibisha nyumba yetu. Naomba leo niyasome mimi majina ya Mfalme, ili aibu hiyo itoke."

Akapelekwa kwa Jemadari. Jemadari akavimba kwa furaha.

"Unaona, Shaushi? Raia wameanza kuelimika!"

"Ni kazi yetu hiyo, Jemadari."

"Unayajua yote tisa, mama?"

"Nimeyasikia kila siku tangu nizaliwe, Jemadari. Usingizini nayasoma."

Wakajipanga. Vifaru huku, Nyati kule, Mfalme katikati akilamba midomo. Bwana Vuai alikuwa amefungwa kwenye mti wa bendera kwa kamba nene ya katani. Bi Mize akasimama karibu naye, akamnong'oneza, "Meno unayo, mume wangu. Usisubiri kuambiwa mara mbili."

"Ulinziii!" akanguruma Jemadari. "Pua juu! Macho fumba!"

Pua zote juu. Macho yote yakafumbwa.

Bi Mize akapaza sauti. "Simba Marara, mwana wa Simba Ngurumo! Baba wa Mbuga! Mwenye Singa za Dhahabu!"

Kwaru, kwaru, kwaru. Bwana Vuai alikuwa ameianza kamba.

"Mshinda Vita Sita!"

"Simama!" akafoka Jemadari, bila kufumbua jicho. "Umekosea! Ni vita saba!"

"Saba? Nisamehe, Jemadari. Vya saba vilikuwa na nani?"

Jemadari akakohoa. "Vilikuwa... Shaushi, vilikuwa na nani?"

"Vilikuwa vikali, Jemadari," akajibu Shaushi. "Vikali sana."

"Umesikia, mama? Rudia tangu mwanzo! Na wote macho fumba!"

Bi Mize akarudia tangu mwanzo, pole pole, kila jina akilivuta kama utepe. "Baba waaa Mbugaaa! Mwenye Singaaa za Dhahabuuu! Mshinda Vita Sabaaa!"

Kwaru, kwaru, kwaru.

"Mleta Mvua! Mlinzi wa Wanyonge!"

Akaupeleka mguu nyuma, akaigusa kamba. Uzi mmoja tu ulikuwa umebaki.

"Mume wa Majike Kumi na Mawili! Mfalme wa Mito Miwili!" Mmoja wa mito hiyo ulikuwa umekauka tangu zama za babu yake, lakini tuendelee.

Pwa! Kamba ikakatika.

"Kivuli cha Nchi Nzimaaaa..."

Hilo lilikuwa la nane. Bi Mize akanyamaza.

Nyayo za pimbi ni laini, hazilii juu ya mwamba. Mke na mume wakapita kati ya miguu ya Nyati, wakapita chini ya tumbo la Kifaru wa zamu, hao, mpaka kileleni pa jabali.

Na Ulinzi Mkuu wa Kiti? Umesimama! Pua juu, macho yamefumbwa. Jemadari akawaza, labda mama yule anavuta pumzi. Kukosea kulikuwa kosa, lakini kunyamaza hakukuandikwa popote. Nzi wakaja, wakatua puani mwa Shaushi. Hakutikisika. Jua likatoka utosini, likaanza kuelekea magharibi.

Tumbo la Mfalme likalia, ngurrr! Akavumilia. Likalia tena. Mwisho akafumbua jicho moja, akauona mti wa bendera na kipande cha kamba.

"Chakula changu!" akanguruma, akaruka kutoka kitini. "Inatosha! Fumbueni macho, wajinga nyie!"

"Adui ametikisika!" akapiga kelele Shaushi. "Kabla ya la tisa!"

"Ni mimi! Mfalme wenu!"

"Ah! Mfalme hawezi kuvunja kanuni yake mwenyewe," akasema Jemadari. "Anaiga sauti yake, mjanja huyu! Pigeni!"

Du! Safari hii mlengwa alikuwa mkubwa, hawakumkosa. Du! Du! Vifaru kutoka huku, Nyati kutoka kule, macho yamefumbwa vilevile kama kanuni inavyotaka. Singa za dhahabu zikapeperuka mbugani kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa.

Kule juu Bwana Vuai akasema, "Mke wangu, wamalizie basi, wapate kupumzika."

Bi Mize akasimama ukingoni, akalitamka jina la tisa kwa sauti safi.

"Asiyelalaaa!"

"Heshima imekamilika!" akasema Jemadari. "Macho fumbua! Shaushi, adui amepatikana?"

"Amepatikana, Jemadari. Amelala pale chini." Shaushi akasogea, akainama, akanusa. "Jemadari... amevaa taji."

Haya, wajukuu zangu, shikeni hili: mlinzi aliyefundishwa kuliheshimu jina tu, siku moja humkanyaga mwenye jina.