Kioo cha Lwitiko

"Mwenye mwana kwenye pikipiki hutazama mara mbili." Mmeisikia kwa dereva wa basi mkaangua kicheko, sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, tulieni. Ilizaliwa hapa hapa Uyole, penye njia panda ya Tukuyu, na aliyeisema alikuwa dereva wa lori la ndizi.

Lwitiko alibeba ndizi kwa lori miaka ishirini. Alikuwa na ugonjwa wa madereva wote wa enzi zile: akitaka kukata kona hutupia kioo jicho, akiona hapana gari, hupiga honi na kuingia. Pikipiki je? "Honi ameisikia, atajua mwenyewe." Wala hakuwa mtu mbaya. Jicho lake lilitafuta magari, nalo likaona magari.

Sasa binti yake Sekela, muuguzi, akapewa pikipiki ya zahanati ili awafikie watoto wa chanjo vijijini. Asubuhi ya kwanza alimpita babake barabarani, kofia ngumu kichwani, anacheka peke yake kwa furaha. Lwitiko akaona fahari, na papo hapo hofu ikamwingia.

Saa nne akafika njia panda na shehena yake. Akatazama kioo, kweupe. Mkono ukaenda kwenye honi kwa mazoea, lakini moyo ukagoma: je, kama Sekela yuko hapo? Akatazama tena, taratibu, akimtafuta. Kumbe pikipiki iko ubavuni kabisa, bodaboda kampakia mama mwenye mtoto mgongoni! Akakanyaga breki mpaka mikungu ikamwagika barabarani. Pikipiki ikapita, ikaenda zake salama.

Ambilikile, dereva wa lori la nyuma, akaja mbio.

"Ndugu yangu, yule amenipita mimi kwanza na sikumwona. Wewe umemwonaje?"

"Nilikuwa namtafuta Sekela."

"Lakini yule si Sekela."

"Si yeye. Ila mara ya kwanza kioo hakikuwa na mtu, Ambilikile. Nilipomtafuta mwanangu ndipo watu watatu wakatokea. Mwenye mwana kwenye pikipiki hutazama mara mbili."

Ambilikile hakujaliwa mtoto hata mmoja. Walipomaliza kuokota ndizi alipanda lori lake, akawasha, akainamia kioo. Watu wakamsikia akiita kwa sauti, "Sekela, mwanangu, uko wapi?" Akatazama. Kisha akatazama tena.

Mwenye mwana kwenye pikipiki hutazama mara mbili.