Sahani ya Buluu

Wahenga hawakuona haya kulitaja kaburi. Waliposema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti, walitukumbusha jambo tunalolisahau kila siku: maumivu yana mwenyewe. Aliye nje huona udongo tu, pengine na maua juu yake, akasema hapa pametulia kweli. Kusema hakuna gharama, maana ulimi hauna mfupa. Mama mmoja mwoka mikate aliijua methali hii tangu utotoni na aliwatolea wateja wake kila walipomlalamikia. Maana yake hakuipata mpaka alasiri aliyoalikwa chai na binti yake.

Mji mzima ulimwita Mama Tanuri. Kwa miaka thelathini na minane alikanda unga, akaoka, akauza, na mikono yake yote miwili ilikuwa na alama za sinia za moto kuanzia viganjani hadi viwikoni. Mumewe alifariki mapema akamwachia tanuri na binti. Mkate ndio uliomlisha binti huyo, ukamvisha, ukamsomesha mpaka akawa mpima ardhi. Kwa hiyo mtu angeweza kumtania Mama Tanuri kwa umbo lake, kwa sauti yake, hata kwa mwendo wake wa bata, naye akacheka. Mkate wake haukutaniwa.

Basi fikiria uchungu wake pale binti alipomletea habari kutoka hospitali. Mjukuu wake, msichana aliyekuwa na miaka mitatu wakati huo, alikuwa akikonda na kutapika bila sababu. Madaktari walipompima wakagundua kuwa mwili wake haupatani na gluteni, kitu kilichomo ndani ya ngano, na kwamba kila tonge la ngano lilikuwa likiuumiza utumbo wake. Walimpima na mama yake, wakamkuta na hali hiyo hiyo. Tangu siku hiyo ngano haikuingia tena katika nyumba ya mpima ardhi.

"Ngano imekulea wewe," Mama Tanuri alimwambia bintiye. "Leo imekuwa sumu? Hayo ni magonjwa ya watu walioshiba."

Maneno hayo yaliwatenganisha. Kwa miaka miwili mtoto hakulala hata usiku mmoja kwa bibi yake. Mama Tanuri alifunga biashara kwa sababu ya magoti, akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu, akizungumza na redio. Alimtamani mjukuu wake kama mgonjwa anavyotamani kupambazuke.

Ndipo binti akapata kazi ya kupima njia ya reli, mbali sana, katika kambi isiyopokea watoto. Kazi yenyewe ilikuwa ya mwaka mmoja na nusu. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kuonekana nyumbani kwa kuvizia kama mwezi mwandamo. Mtoto angeachwa ama kwa shangazi yake, dada wa dereva, ama kwa bibi. Moyo wa binti ulikuwa kwa mama yake, ila moyo ulikuwa na hofu. Akamwalika chai ya alasiri katika hoteli moja ya mapumziko iliyokuwa na jiko la pekee kwa wasiokula ngano.

"Mama, nakwambia wazi," alisema walipokuwa ndani ya teksi, mtoto amelala mapajani mwake. "Wakubwa zangu wanataka jibu leo kabla ya saa kumi na mbili. Nikiona mambo yake unayaelewa, nitamwacha kwako."

"Kwani nimeshindwa kukulea wewe?" Mama Tanuri aliuliza. Lakini alimshika mtoto mguu kwa upole, akaomba kimyakimya asije akaharibu.

Hoteli ilikuwa juu ya kilima. Mawingu yalikuwa yameshuka chini, upepo wa baridi ukivuta vitambaa vya meza, na bwawa la kuogelea lilikuwa tupu, limejaa majani makavu. Wageni wengine walikuwa wazee wawili tu waliokunywa chai bila kusemeshana. Mhudumu, kijana mwembamba aliyefunga tai nyeusi, alileta vinara viwili vya sahani zilizopandana kama ngazi. Kimoja kilikuwa na sahani nyeupe, kingine sahani za buluu.

"Karibuni sana. Nyeupe ni za bibi, zina ngano kama kawaida," alieleza. "Za buluu ni za mama na mtoto. Hizo zina tanuri lake, kisu chake, hata kitambaa chake cha kufutia. Nawaomba msichanganye, hata makombo."

"Makombo nayo yana miguu?" Mama Tanuri aliuliza.

Mhudumu alicheka kwa adabu akamimina chai. Mama Tanuri alionja kipande cha keki ya sahani ya buluu, iliyookwa kwa unga wa mchele, akaitafuna kwa muda mrefu kama hakimu anayesikiliza shahidi mwongo.

"Inamomonyoka. Huyu aliyeoka hana kosa, kapewa vita bila panga."

Mpima ardhi alicheka, na kwa dakika chache mambo yakawa kama zamani. Mtoto alikuwa akizunguka kinara chake kwa macho, haamini. "Bibi! Hivi vyote naweza kula! Vyote!"

"Kula, mke mwenzangu. Kula unenepe, nisichekwe kwamba nakunyima."

Lakini kila mtoto aliponyosha mkono, Mama Tanuri aliona kifundo chembamba kama kijiti cha kuchokolea moto, na hasira ilimrudia. Mtoto huyu ana njaa, aliwaza. Wanamnyima chakula cha maana wanamlisha vumbi la mchele.

"Mama, kipande kidogo tu kinamlaza siku tatu," binti alisema, kana kwamba amemsikia. "Si kuchagua chakula. Ni maumivu."

"Na wewe nilikulea kwa mkate. Ulikufa?"

"Sikufa. Niliumwa."

"Watoto wote huumwa matumbo."

Simu ililia. Binti aliitazama, akasimama. "Ni ofisini. Hapa mtandao unakatika, naenda kule ukumbini. Mama, nakuachia mtoto."

Wakabaki wawili. Juu ya sahani nyeupe kulikuwa na skonzi moja iliyoiva vizuri, mgongo wake unang'aa siagi. Mama Tanuri aliijua kazi njema kila alipoiona. Mtoto naye alikuwa akiitazama, kisha akatazama pembeni, kwa nidhamu ambayo mtoto wa miaka mitano hapaswi kuwa nayo. Ilimchoma bibi moyoni. Akawaza: akila kidogo na asipatwe na kitu, ugomvi wote utakwisha leo. Binti atacheka, mtoto atanawiri, na mkate wangu utarudi mezani kwao. Kulikuwa na upendo katika wazo hilo, na kiburi, vimekandwa pamoja hata mwenyewe asingeweza kuvitenganisha.

Alikata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, akakipaka jamu, akakiweka katika sahani ya buluu.

Mtoto hakukigusa. "Bibi, hiki ni cha buluu?"

"Si unakiona kiko wapi?"

"Mama alisema nisipojua niulize. Ni changu?"

Hapo ndipo angeweza kurudi nyuma. Barabara ilikuwa wazi, hakuna aliyekuwa amemwona.

"Ni chako, mke mwenzangu. Kula."

Mtoto alikula, akafumba macho kwa utamu. Mama Tanuri alifurahi mno, akamkatia cha pili.

Binti aliporudi aliwakuta wanacheka, jamu mashavuni. Alisimama kidogo akiwatazama, na uso wake uliokuwa umekazana kwa miaka miwili ukalegea. "Nimewaambia nitawapigia kabla ya saa kumi na mbili," alisema akiketi. "Lakini nadhani jibu ninalo. Mama, nitamwacha kwako."

Mama Tanuri alimshika mkono akalia. Kumbe alikuwa ameshapewa alichokitaka, na asingehitaji kuthibitisha lolote.

Walitoka kutembea bustanini. Mtoto aliruka mbele yao, kisha akaanza kutembea, kisha akaketi kwenye nyasi. Haukupita muda mrefu rangi ikamtoka, akajikunja, akatapika juu ya viatu vyake, akatapika tena mpaka kukawa hakuna cha kutoka. Binti alimbeba mbio hadi ukumbini akamlaza kwenye kochi.

"Mmemlisha nini mwanangu?" alimpigia kelele mhudumu. "Si ulisema jiko ni la pekee? Ulisema hata kitambaa!"

"Dada, naapa..." Kijana alirudi hatua moja nyuma, sinia mkononi. "Nimepanga mwenyewe. Sikuchanganya. Naapa sikuchanganya."

"Niitie mkubwa wako! Atajua cha kukufanya."

Mama Tanuri alisimama nyuma ya kochi. Alimwona kijana akifuta jasho kwa tai yake. Hakusema. Aliyesema ni mtoto, kwa sauti ndogo, macho yamefumbwa.

"Mama, usimgombeze. Nilimuuliza bibi. Alisema ni changu."

Binti aligeuka polepole. Hakupiga kelele tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Ulimpa kiasi gani?"

"Kidogo, mwanangu. Nilidhani kidogo hakiui."

"Kiasi gani, Mama?"

"Vipande viwili."

Binti alimwomba mhudumu msamaha, akaomba maji na taulo. Alipokuwa akimpangusa mtoto alianza kusema, bila kumtazama mama yake. "Utotoni nilikuwa nikilala nyuma ya magunia ya unga, nimekunja magoti. Ulidhani nakwepa kazi. Nilikuambia tumbo linauma, Mama. Kila siku nilikuambia. Ukaniletea mkate wa maziwa ili nipate nguvu, na mimi nikaula kwa sababu ni wewe uliyenipa."

Mtoto alilalia ubavu, akavuta magoti hadi kifuani. Gauni lilipanda, na Mama Tanuri akaona tumbo lililojaa kama ngoma, na chini yake miguu miwili isiyo na nyama. Aliwahi kuliona umbo hilo. Kabla ya binti huyu alizaa mtoto wa kiume, na mtoto huyo alilala vivyo hivyo, ubavu ule ule, miezi mingi. Wengine walisema minyoo, wengine wakasema jicho. Yeye alimlowekea mkate katika maziwa akamlisha kwa kijiko, asubuhi na jioni, kwa kuwa hapakuwa na kitu bora zaidi nyumbani. Alizikwa kabla ya kutimiza miaka mitatu.

"Kaka yako," alisema, na sauti haikuwa yake. "Kaka yako naye?"

Taulo lilisimama mkononi mwa binti. Alikuwa amewahi kujiuliza swali hilo, ilionekana, na alikuwa ameamua kutolisema kamwe.

"Sijui, Mama. Hakupimwa. Hakuna atakayejua."

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi aliinua simu mbele ya mama yake. "Nitakuja," aliwaambia. "Ndiyo, mtoto atakaa kwa shangazi yake."

"Mwanangu, sitarudia," Mama Tanuri alisihi. "Niapishe kwa chochote. Sitarudia maisha yangu yote."

"Najua hutarudia." Binti alikuwa akilia sasa, waziwazi, kama mtoto. "Lakini yeye atakuuliza tena, Mama. Atakuuliza kila siku, hiki ni changu? Na atakuamini vipi?"

Mama Tanuri aliokota viatu vya mtoto, akaanza kuvifuta.

Mtoto aliumwa siku nne, akapona, akapelekwa kwa shangazi. Mpima ardhi akaenda kwenye reli yake. Hawakumchukia Mama Tanuri. Walimpigia simu kila Jumapili, wakazungumza kuhusu mvua. Yeye aliacha kula vizuri, akawa anakaa kitandani mchana, uso ukutani, na watu walipobisha hodi aliwajibu baada ya muda.

Jirani yake mshonaji, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki, alimtembelea na chupa ya chai. Habari alikuwa ameshazisikia zote, au alidhani zote.

"Mwenzangu, hebu inuka," alisema akifungua dirisha. "Mtoto si kapona? Alitapika, akalala, akaamka, basi. Ndiyo ujikondeshe hivi kwa vipande viwili vya skonzi? Wenzio wana misiba ya kweli."

Mama Tanuri alimtazama. Alifungua kinywa ili amweleze habari za kijiko, na maziwa, na mtoto aliyekuwa akifungua mdomo kila alipoletewa. Aliyapima maneno hayo, akaona hakuna atakayeyabeba. Akafunga kinywa.

"Huna kitu wewe, ni uzee tu," jirani alicheka, akamfunika shuka miguuni, akaaga.

Mlango ulipofungwa, Mama Tanuri aligeukia ukuta tena, akavuta magoti yake mabovu hadi kifuani kadiri yalivyokubali. Chai ikapoa mezani. Hakika, adhabu ya kaburi aijuaye maiti.